Siku Niliyomzibia Shemeji Mlango wa Kanisa

Kaa karibu nikueleze, wewe uliyepewa kazi ya kupokea wageni kanisani. Niliifanya miaka mingi nikidhani naijua, mpaka Jumapili niliyorudi nyumbani na jino linalocheza.

Mgeni alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Wenye silaha walikivamia asubuhi, wakachoma nyumba, wakawakata watu kwa mapanga. Shemeji alivuka mto na mke mjamzito, mkono wake mwenyewe umepasuliwa tangu kiwiko hadi kiganjani. Mtoto akazaliwa huku kwetu, njia ya Msimbati. Kanisa letu la kilokole huwaweka watoto wakfu mbele ya watu wote, na dada alitaka kitu kimoja tu: siku hiyo baba amshike mtoto mwenyewe. Shemeji alikubali, ingawa amekulia kwenye misa za utulivu na kwetu hakuwahi kuingia.

Nilimweleza kila kitu, polepole.

"Viatu navua?"

"Hapana, shemeji."

"Na kupiga magoti?"

"Ukiona tunapiga, piga. Ukichelewa hakuna atakayekucheka."

"Utacheka wewe."

"Mimi ndiyo, ni shemeji yako."

Nikamketisha benchi la mbele kabisa, ndiyo heshima ya mgeni kwetu, nikarudi mlangoni. Nilisahau jambo moja, maana kwangu lilikuwa la kawaida mno: maombi ya vita. Yakianza, tunafunga mlango, na mhudumu anauziba ili watu wasiingie na kutoka. Kisha wote wanaomba kwa pamoja, kwa sauti. Tunakanyaga sakafu kama tunaponda kichwa cha nyoka, tunapiga mabenchi kwa viganja, tunarusha ngumi hewani. Bati zima linatetemeka.

Shemeji akageuka. Akaona mlango umefungwa na mwanamume kausimamia, kaitanua mikono. Alikuja mbio juu ya mabenchi, akanipiga kichwa mdomoni. Nikaanguka. Akaendelea kunipiga, ngumi za mtu anayetaka kuishi.

"Ana kitu huyo!" akapaza sauti mama mmoja kiongozi wa maombi. "Mshikeni miguu!"

Hili ndilo kosa letu: mtu akichachamaa katikati ya maombi, sisi tunajua ni pepo. Wanaume watano walimlalia. Mmoja alimkalia kifuani, mwingine akaukandamiza ule mkono wenye kovu kwa goti, na yule mama akimkemea sikioni, "Toka! Toka!" Shemeji akamng'ata mmoja kidole mpaka damu. Kadiri alivyopigana ndivyo walivyozidi kuamini, na ndivyo walivyozidi kumbana.

"Mtamuua mume wangu!" dada alilia, mtoto kifuani.

Mimi kwa kawaida ni mtu wa kueleza. Siku ile nilitema damu, nikafungua komeo, nikamvuta yule aliyekalia kifua kwa ukosi wa shati mpaka likachanika. "Hana pepo! Anataka kutoka tu!"

Shemeji akatambaa katikati ya miguu yetu, akafika nje kwenye mihogo, akatapika.

Nilikaa mbali kidogo, mahali anaponiona.

"Nimekuumiza?"

"Jino linacheza."

"Lipi?" Nikamwonyesha. "Hilo lilikuwa baya tangu mwanzo," akasema. Kisha: "Mwambie dada yako simshiki mtoto. Humo sirudi."

Sikumbishia. Nilimweleza tu kilichobaki: wimbo mmoja, maneno machache juu ya mtoto. Hakuna atakayekanyaga wala kupiga benchi, nitawaomba. Mlango nitauzuia kwa tofali usifungike.

"Na wewe utasimama wapi?"

"Nje kabisa, uani."

Mchungaji hakupenda, ila alishuka na dada hadi mlangoni. Shemeji alimpokea mwanawe akiwa na mguu mmoja ndani na mwingine nje, shati lake lina damu yangu. Hakumwachia mpaka maombi yalipokwisha. Yule mama mpaka leo anasema pepo lilikuwepo. Namwacha aseme, ila wageni simpi.

Basi mgeni wako akija, mwambie mapema kelele zitaanza wakati gani, muulize anataka kukaa wapi, na mlango uuache wazi.