Katikati ya Mkia

Mume wangu walimwita Sekunde, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa fundi saa, tena alikuwa kero. Redio ikitangaza saa, yeye anatazama mkononi kwake halafu anaguna: "Hawa wamechelewa." Hawa! Kituo kizima cha redio! Nimeishi na mtu huyo tangu nikiwa msichana, yeye na meza yake ya saa, mimi na cherehani yangu, tunagombea taa moja.

Siku za mapumziko aliunda ndege za mbao nyepesi, zile za kurusha kwa mkono. Haziuzi, hampi mtu. "Mtu mzima na ndege zake," nilikuwa nikimchokoza, naye hainui hata kichwa. Wala rula hakutumia kutafuta katikati ya kitu. Analitazama bawa, anatia alama ya penseli, basi. Mimi nilikuwa nahakikisha kwa kukunja uzi mara mbili, nikitafuta wapi amekosea nimcheke. Sikupata.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Upande wote wa kushoto ukalala; mguu ukarudi mapema, mkono ukabaki. Kila asubuhi nilimkanda mkono, binti yetu akishika zamu yake jioni, na macho yetu sote yakawa kwenye mkono ule. Ukashika kijiko. Ukafunga kifungo. Siku uliposhika kibano cha saa nilipiga vigelegele hadi jirani akaja mbio kuuliza kuna nini. Tatizo lilibaki kwenye kula: kila siku anarudisha nusu sahani. Nikasema ugonjwa umemkata hamu.

Duka lake lilikuwa bado limefungwa. "Sishiki saa ya mtu mpaka nijipime," alisema, akanituma nimshushie ndege aliyokuwa akiiunda kabla hajaugua. Ilikuwa imebaki mkia tu: kibao cha kulala, kama bawa dogo, kinachopita kwenye tundu nyuma ya kiwiliwili, na pezi linalosimama juu yake. Kile cha kulala lazima kitokeze sawasawa huku na huku, la sivyo ndege inajizungusha na kuanguka puu. "Nikiufunga mkia huu ukakaa sawa, Jumatatu nafungua duka. Usipokaa, vifaa nauza."

Nilimwambia asiniletee mambo ya kufa na kupona mezani kwangu. Lakini namjua. Akisema, amesema.

Alifanya kazi mchana, dirisha likiwa wazi. Mkono haukutetemeka, wallahi. Alikaa nyuma ya ndege, akatazama, akatia alama, akapaka gundi, akapenyeza kibao, akakibana kwa pini. Akaegemea kiti. "Umeona, bibie? Duka hilo." Akaenda kuoga huku akiimba.

Nami nikatazama. Kibao kilikuwa kimetokeza kushoto kupita kiasi, kulia kimebaki kifupi kama mtu aliyekatwa mkono. Hata kipofu angegundua kwa kupapasa! Nikafunga uzi kwenye pini ya puani mwa ndege, nikauvuta hadi ncha ya kushoto, kisha ya kulia. Tofauti ilikuwa upana wa vidole viwili.

Mimi simung'unyi maneno, kila anayenijua anajua. Siku ile mdomo uligoma. Gundi ilikuwa bado mbichi, nikachomoa pini, nikasogeza kibao hadi uzi ukalingana pande zote mbili, nikarudisha pini. Mkono umepona, nilijiambia, hili ni la siku ya kwanza tu. Nilitaka afungue duka lake. Nilitaka mume wangu.

Akatoka na taulo begani, akasimama ghafla.

"Nani kagusa?"

"Kugusa nini?"

"Kulia kumezidi! Nilikiweka katikati kabisa." Akanyoosha mkono akirudishe kule kule. Nikamshika.

"Usisogeze. Pima." Nikampa uzi.

Akapima. Akarudia. Akaupitisha uzi vidoleni akitafuta fundo au mvutiko. Uzi ulikuwa sawa. Akageuza kichwa chote, mwili mzima, kutazama upande wa kushoto, na nikaona uso wake ukishtuka, kama vile upande ule haukuwapo mpaka alipougeukia.

Nikamwambia taratibu, "Mume wangu, hata sahani. Unaacha chakula cha upande huo huo."

"Nilidhani unanipunguzia," alisema. "Nikaona niko mgonjwa, sifanyi kazi, acha ninyamaze."

Nililia pale pale, sikujificha. Yeye hakulia. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani, ile aliyoitengeneza mwenyewe tulipooana, akaitazama muda mrefu.

"Inakaribia saa tisa," alisema.

"Ndiyo."

"Mshale mfupi nauona. Mrefu siuoni." Akasubiri, labda utokee. Ulikuwa kushoto, kwenye nane, hapo hapo mbele yake. Akauweka uzi mezani.

"Ni saa ngapi, mke wangu?"

"Saa tisa kasoro dakika ishirini."

Hakutazama mkononi. Alisema, "Haya. Nilishasema," akachukua ufunguo wa duka kwenye msumari, akaniwekea kando ya cherehani.