Betri Hii Si ya Kwaya

Watu wengi wameniambia kwamba mtu anayeishi mahali ambapo gari halifiki hana sababu ya kuwa na gari. Nimewasikia. Gari bado ninalo.

Nilipostaafu ualimu nilirudi kuishi na mama yangu milimani Uluguru, kwenye shamba lake la ndizi na pilipili manga, mwendo wa saa mbili kwa miguu juu ya Mkuyuni. Kiangazi pikipiki hupanda mpaka karibu na nyumba. Masika hapandi mtu ila kwa miguu yake mwenyewe, tena akishikilia majani. Kwa hiyo gari langu dogo la otomatiki hulala Mkuyuni, uani kwa mwanamke mwenye mashine ya kukoboa mpunga, rafiki yangu tangu usichana. Mvua zikikolea linaweza kukaa wiki tatu, hata tano, bila kwenda popote.

Sikulinunua la kutembelea. Kifua cha mama kina tabia ya kubana kila masika, na kikibana hatuna muda mrefu. Mabasi ya kwenda mjini yapo, lakini basi haliondoki kwa sababu mama yako hapumui. Linaondoka likijaa.

Masika ya mwaka juzi kifua kilibana. Majirani wakambeba mpaka Mkuyuni, nikaingia garini, nikazungusha ufunguo. Gari likasema ka, mara moja, likanyamaza. La otomatiki huwezi kulisukuma likawaka. Tulilisukuma hata hivyo, maana watu waliokuwepo hawakukubali kuambiwa kwamba nguvu zao hazina kazi. Tulisubiri saa tatu nzima, mpaka lilipopita lori la ndizi lenye waya za kubusti betri. Muda wote huo mama aliketi juu ya gunia la pumba, amefumba macho, nami nikimpepea kwa upande wa kanga, nina hasira na sijui nimpelekee nani.

Mama alipona. Baada ya hapo akaja mjomba, mdogo wake mama, anayeishi mjini. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni hivyo hivyo, na mjomba akisema, mazungumzo yamekwisha. Mwanamke akiliacha shamba la ukoo, anakabidhiwa mwanamke mwingine wa ukoo huohuo. Mjomba alilijua hilo vizuri alipotuketisha mbele ya wazee wawili wa ukoo.

"Sitamzika dada yangu kwa sababu ya gari bovu," alisema. "Siku nyingine likikataa, anahamia kwangu, na shamba wapewe wengine. Likiwaka, sitasema neno."

"Sihami," alisema mama.

"Basi liwake."

Nataka nimtendee haki. Aliogopa, na mimi pia niliogopa. Lakini mama alizaliwa kwenye shamba lile, na kila mgomba ulioko pale anajua umetoka shina gani. Kumweka mjini kwenye kiti cha plastiki, atazame ukuta wa jirani mpaka siku zake ziishe, nililiona ni tusi. Nikaapa kimoyomoyo kwamba gari litawaka.

Nilikwenda mjini, Msamvu, kwa fundi umeme wa magari, mtu wa makamo niliyemfundisha darasa la tatu.

"Shikamoo mwalimu. Gari likikaa unalitunzaje?"

Nilimweleza kwa fahari. Ufunguo nilimwachia rafiki yangu wa mashine, na kila asubuhi aliliwasha dakika tano lipate moto, kama kila mtu alivyotushauri. Fundi aliendelea kunitazama, ikabidi niongeze kwamba likiunguruma wateja wa mashine walikuwa wakisikiliza taarifa ya habari humo ndani. Na kwamba wachache walikuwa wakichaji simu, hata injini ikishazimwa, maana umeme wa pale hukatika.

"Wachache wangapi, mwalimu?"

"Wachache tu."

"Mwalimu."

"Mkuyuni nzima," nikakiri.

Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Alinieleza kwamba hakuna kinachokula betri kama kule kuwasha kwenyewe, na dakika tano za kuunguruma haziirudishii kilicholiwa. "Kila asubuhi mlikuwa mnachota debe, mnarudisha kikombe," alisema. Kisha akazima kila kitu garini, akaweka mita yake, akanionyesha kwamba umeme bado unatoka. Alamu inakula, saa inakula, redio nayo inakula ili isisahau stesheni. "Gari la siku hizi halilali, mwalimu, linasinzia tu. Liache wiki nne, linajimaliza lenyewe bila kuguswa na mtu."

Dawa yake haikuwa na uganga. Betri ijae kabla ya gari kuegeshwa. Kisha nichukue spana namba kumi, nifungue waya wa hasi na kuuweka mbali usije ukagusa. Hasi hutangulia kutoka na huwa wa mwisho kurudi. Na kama ningeweza kuiweka betri mahali inapopata chaji kidogo kidogo, kwa mfano kwenye sola yenye kile kiboksi kinachozuia isijazwe kupita kiasi, ingeshinda yote.

Sola tulikuwa nayo, juu ya bati la mama, pamoja na kiboksi chake. Betri yake ndogo ndiyo ilikuwa imekufa siku nyingi.

Masika iliyofuata ilipoanza, niliifungua betri ya gari, nikajitwika juu ya ngata, nikapanda nayo mlima. Kufungua waya na kuiacha garini kungeweza kutosha, lakini betri iliyoachwa peke yake hupata wenyewe wengi. Nashukuru ilikuwa ya kavu, isiyomwaga maji. Njia nzima niliulizwa kama naiuza. Rafiki yangu wa mashine alisikitika waziwazi, nadhani zaidi kwa ajili ya taarifa ya habari. "Sasa hilo gari ni banda la kuku," aliniambia.

Nyumbani niliifunga kwenye sola, nikaweka sheria, na sheria yenyewe ilikuwa moja: betri haiguswi. Hata taa zetu mbili nilizitoa. Mama alinung'unika kwamba umeme umekaa chumbani kama mgeni, na sisi wenye nyumba tunakula kwa koroboi. Nilimwacha anung'unike.

Ikaja Juma Kuu. Huku kwetu, Pasaka ikifika, betri ya mtu yeyote ni ya kigango, kanisa letu dogo. Spika za kwaya haziimbi kwa maombi, kwa hiyo huombwi betri, unaarifiwa. Mwenyekiti wa kwaya alifika na waimbaji wawili, na kamba ya kubebea wakiwa nayo tayari.

"Tumekuja kuchukua betri, mwalimu."

"Hamtaichukua."

Alidhani natania. "Ni ya spika. Ni Pasaka."

"Najua ni Pasaka."

"Jumatatu itakuwa imerudi."

"Itarudi tupu. Na Jumanne mama yangu atataka kupumua."

Alimgeukia mama, ambaye hajawahi kukosa misa isipokuwa kwa ugonjwa. Nami nilimgeukia, na nilikuwa na hofu, kwa sababu kama mama angesema wapewe, ningelazimika kumkatalia mbele ya watu, na ningemkatalia. Mama alikuwa anachambua pilipili manga kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Bwana Yesu alifufuka bila spika," alisema. "Imbeni kwa nguvu."

Waliimba kwa nguvu kweli, na kwa nguvu hiyohiyo wakatununia. Wiki nzima salamu zilikuwa fupi. Kisimani nilisikia naitwa mwalimu mchoyo, tena na mtu niliyemfundisha kusoma. Iliniuma, siwezi kudanganya. Lakini kila asubuhi nilikuwa naenda kuitazama taa ya kijani kwenye kiboksi, inayoonyesha betri imejaa, nikijiambia afadhali ninuniwe na kijiji kizima mama akiwa kwake.

Wiki ya pili baada ya Pasaka, asubuhi, mama alianza kuniambia kitu kuhusu kuku akashindwa kumaliza sentensi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilitoka nje nikaita, nikiwa sijui nani atakuja kwa mtu mchoyo. Wa kwanza kufika alikuwa mwenyekiti wa kwaya, ameshika mti mmoja wa machela, na wenzake nyuma.

"Imejaa?" aliniuliza.

"Imejaa."

"Basi twende."

Mvua ilikuwa inanyesha, nyembamba, ya kukaa. Wanaume wanne walimbeba mama, nami nikaibeba betri kichwani. Mwimbaji mmoja alitaka kunipokea nikakataa. Nilitaka ikianguka iwe imeanguka kutoka kichwani kwangu, nisije nikamchukia mtu mwingine maisha yangu yote. Mara moja niliteleza, nikakaa chini kwenye tope, mikono yote miwili juu. Kutoka kwenye machela nikasikia sauti ya mama, kila neno peke yake.

"Usi... iangushe."

Mkuyuni rafiki yangu alituona tukishuka, akazima mashine. Wateja walitupisha na magunia yao. Nilifuta vichwa vya betri kwa kanga, nikafunga chanya, kisha hasi. Spana ilinidondoka mara mbili. Niliketi kwenye usukani nikiwaza mambo mawili tu, kifua cha mama na sauti ya mjomba mbele ya wale wazee. Nikazungusha ufunguo.

Likawaka. Halikusita hata kidogo. Nililia nimeshika usukani, na sikujali nani ananitazama, kisha nikaondoka.

Mama alilazwa hospitali mjini siku sita. Mjomba alikuja kila siku na chupa ya uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akimtania kama watoto wa mama mmoja wanavyotaniana. Nilimpenda sana siku hizo. Ndiyo maana nilikasirika maradufu siku ya kuruhusiwa, alipofika na habari kwamba chumba cha mama kwake kiko tayari.

"Mjomba, ulisema likiwaka hutasema neno."

"Nilisema. Lakini umri huu, mpwa wangu."

"Ulisema mbele ya wazee."

"Daktari kasema apumzike."

"Hakusema wapi."

Angepumzika Mkuyuni. Rafiki yangu wa mashine alishamtandikia kitanda, akae hapo mpaka mvua ipungue na miguu ipate nguvu, kisha apande taratibu, apumzike kila penye kivuli. Nilimweleza mjomba yote hayo pale kwenye maegesho. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayesikiliza mvua, akaingia kiti cha mbele na kufunga mkanda. Mama alikuwa nyuma, ameegemea mto.

Kwake mjomba ni upande wa Kihonda. Nilishika barabara ya Bigwa, ya kurudi Mkuyuni.

Kwa muda alikuwa akizungumzia godoro alilonunua. Nyumba zilipoanza kupungua aliliacha godoro, akatazama kushoto na kulia.

"Umepotea njia," alisema.

"Sijapotea, mjomba."

"Dada, mwambie mwanao."

Mama aliteremsha kioo cha dirisha. Akavuta pumzi, ndefu, mpaka mwisho wake, akaiachia polepole. Mjomba na mimi tuliisikia yote.

"Uliweka neno lako mwenyewe, mdogo wangu, na gari limewaka," alisema. "Ukitaka kushuka, atasimama. Ukitaka kuja, pilipili zimeiva na mikono haitoshi."

Nilipunguza mwendo ili achague. Mjomba alitazama mlango, akatazama milima iliyokuwa mbele yetu, na mkono wake ukabaki pajani. Nikakanyaga mafuta.