Kikombe cha Mwisho kwa Dada

Mama alifia hospitalini Eldoret, msimu wa mvua, na mimi nikapewa kazi ya kwenda kumwambia dada. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza. Mimi ndiye niliyekuwa na baiskeli, basi. Dada alikuwa ameolewa juu kabisa, milima ya Cherangani, na mvua ilikuwa imeharibu barabara hata lori za viazi zimeacha kupanda. Tangazo la kifo lilisomwa redioni, lakini tulijua redio ya dada haina betri. Maziko yalikuwa Jumamosi, nyumbani Turbo. Nilitoka mjini Jumatano asubuhi.

Watu huniuliza nilijisikiaje. Sikujisikia. Nilitazama gurudumu la mbele. Penye mlima nilisukuma, penye tambarare nilipanda, na matope yakijaa kwenye madigadi niliyatoa kwa kijiti. Magoti yaliniuma, na nilishukuru kwamba angalau kuna kitu kinauma.

Katika boma la kwanza nilitaka maji tu. Mama mmoja mzee alitoka, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akacheka.

“Mwalimu, ni wewe umebeba baiskeli ama ni baiskeli imekubeba?”

Sijui alijuaje mimi ni mwalimu. Labda ni ile kalamu mfukoni. Kwetu habari ya msiba husemwa mlangoni, hata kiti hujapewa, kwa hivyo nikaanza, “Mama, naenda kwa dada yangu, kuna…”

Akaniwekea kiganja mbele ya uso kama polisi wa barabarani. “Ngoja! Kunywa kwanza.”

Akatikisa kibuyu, akanimiminia mursik, yale maziwa ya watu wa huko yaliyoganda, ya kijivu kwa unga wa mkaa. Shuleni tuligawa maziwa ya serikali, ya pakiti za pembe tatu, lakini haya yalikuwa makali na yananuka moshi. Nilikunywa. Hakuniuliza natoka wapi wala naenda wapi mpaka kikombe kikaisha. Mgeni haulizwi habari yake akiwa bado anakunywa, alinieleza, kana kwamba anamweleza mtoto. Ukimuuliza, ni kama umemwambia aende zake.

Jioni mvua ilinikuta kwa mzee aliyeishi peke yake kando ya msitu. Aliona beji ya chama tawala kwenye koti langu, ile tuliyolazimika kuvaa walimu wote, akapiga kelele hata kabla ya salamu: “Kadi ninayo! Nimelipa!” Nilipomwambia sikuja kukagua kadi ya mtu, aliona haya, akaleta kibuyu. Nilipomaliza kunywa nikamwambia kuhusu mama. Alinipa blanketi lake, yeye akajifunika gunia. Asubuhi nilikuta baiskeli imeoshwa na mnyororo umepakwa samli. Samli, jamani, mtu ambaye chai yake haikuwa na sukari! Nilimshukuru kwa sauti ile ile ninayoitia majina ya wanafunzi.

Nilifika kwa dada Alhamisi mchana. Alikuwa shambani akipalilia viazi. Aliniona, akaona baiskeli, akaona viatu vyangu. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupanda mlima ule. Na swali la kwanza la kwetu ni lile lile siku zote: mama hajambo? Dada hakuliuliza. Aliweka jembe chini, akaingia ndani kuchukua kibuyu.

Akanimiminia, nikanywa. Kabla sijaweka kikombe chini akajaza tena. Akanieleza habari za viazi. Akajaza tena. Akanieleza habari za ng'ombe wake mwekundu aliyekataa kunyonyesha ndama. Tumbo lilinijaa mpaka kooni, nikafunika kikombe kwa mkono. Aliutoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja.

“Kunywa,” alisema. “Kunywa kwanza, ndugu yangu.”

Kibuyu kilikuwa kinagonga ukingo wa kikombe. Kisha kikaisha. Alikiinamisha, akakitikisa, akapiga kitako chake kwa kiganja. Hakikutoka kitu. Akaketi mbele yangu.

Kikombe changu kilikuwa nusu. Nikakishika, nisinywe. Safari nzima nilikuwa nimeogopa kusema, na sasa niliogopa kumeza. Tukakaa hivyo, yeye akitazama kikombe, mimi nikikitazama, mpaka ng'ombe wakarudi wenyewe wakasimama mlangoni wakingoja kukamuliwa. Mama yetu alikuwa bado hai pale, kwa kiasi cha maziwa yaliyobaki.

“Maliza,” dada akasema mwishowe. Alikuwa ameshavua leso ya kichwani na kuifunga kiunoni. “Tunamzika lini?”

Nilimaliza. Yalikuwa yamepata joto la mikono yangu.

“Keshokutwa,” nikasema, na hapo ndipo nilipolia.