Mahali Peupe Kati ya Vigogo Viwili

Kahawa iliyolala kikombeni ina harufu yake ya uchachu na udongo, na mimi nikiisikia tu namwona mama amepiga magoti mchangani, akiikoroga kwa kijiti ndani ya kopo la maziwa. Kwetu Isansa watu waliichuma kahawa, wakaianika, wakaiuza. Kuinywa hawakuinywa sana. Mama ni mtu pekee niliyewahi kumwona akiipaka kwenye karatasi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Chuoni walimfundisha kuchora kwa rangi za maji, na mshahara ukitoka alikwenda Tunduma kununua boksi dogo la rangi kwa Mzambia mmoja aliyekuwa amemzoea. “Mulishani, bamayo,” Mzambia alimsalimu, halafu akamuuliza ana watoto wangapi hata rangi ziishe upesi hivyo. Mama alicheka tu. Hakumwambia kwamba mtoto alikuwa mmoja, mimi Neema, na kwamba boksi lenyewe nilikatazwa hata kulifungua.

Kila likizo ya Juni tulipanda lori lililokwenda kufuata mpunga, tukateremka hadi bonde la Rukwa, kwa bibi mzaa mama. Ziwa Rukwa si la kujivunia uzuri. Maji yake yana rangi ya maziwa yaliyoingia majivu, yana chumvichumvi, na mvua zikizidi hupanda mpaka mashambani. Mama akiwa mdogo yalipanda hivyo yakaua miti mingi, na vigogo vyake vilikuwa bado vimesimama majini, vyeupe, ndege wakubwa wamevikalia kama wazee wa baraza.

Mama alikaa mahali pamoja kila mwaka, akavitazama vigogo viwili vilivyokuwa mbele kuliko vingine. Alilowesha karatasi ya manila kwanza, akaiachia bluu itembee yenyewe mpaka iwe mbingu. Tope la ufukoni alilipaka kwa kahawa. Kisha alipaka uji mzito wa muhogo, akanyunyiza mchanga wa palepale, akabandika na nyuzi za matete. Ukipitisha kidole juu ya picha ulihisi pwani yenyewe ikikukwaruza. Nilikuwa naona fahari sana, ingawa wanakijiji walishangaa mwalimu mzima kucheza na uji.

Lakini kila picha ilibaki na mahali peupe, kama kiganja changu hivi, kati ya vile vigogo viwili.

“Mama, hapa umesahau.”

“Sijasahau,” alisema, akaanza kuosha brashi.

Bibi hakufika ufukoni hata siku moja. Maji ya kunywa aliyafuata kisimani, maji ya kufulia vilevile, na kisima kilikuwa mbali kuliko ziwa. Nilidhani ni miguu. Kwamba labda mchanga ulimchosha.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, mama alimaliza picha asubuhi, akaiwekea mawe pembeni ili ikauke, akaenda kumpa pole jirani aliyefiwa. “Ilinde na mbuzi,” aliniambia. Mbuzi hawakuja. Nilikaa na ile picha mpaka pale peupe pakaanza kuniudhi, kama pengo la jino ambalo ulimi hauachi kuliendea. Nikafungua boksi.

Nilichora msichana, kwa kuwa ndicho kitu nilichojua kuchora: kichwa cha duara, gauni la pembetatu. Nilimpa gauni la njano, rangi ambayo mama hakuitumia kamwe na ilikuwa bado imejaa. Mikono nikaiinua juu. Maji nikayafikisha kifuani mwake, na nilipomaliza nilifurahi kuona kwamba ameenea vizuri, hakuvigusa vigogo.

Mama alirudi na kanga begani. Alisimama nyuma yangu, na mimi nikasubiri kofi.

“Nani amekuambia?”

“Hakuna mtu, mama.”

“Bibi amekuambia?”

“Hapana.”

“Mbona mikono umeiinua?”

“Sijui kuichora ikiwa chini.”

Aliketi mchangani. Halafu ikamtoka sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, nyembamba, ya kitoto. Bibi aliisikia kutoka nyumbani akaja mbio, kwa miguu ileile niliyodhani haiwezi mchanga. Aliinama akaitazama picha.

“Leya,” alisema.

“Gauni lake lilikuwa la bluu,” mama alisema. “Ulimshonea wewe.”

“Nakumbuka.”

“Uliniambia nimwangalie, mama.”

Bibi alikaa chini karibu naye. “Nilikuambia umwangalie. Halafu nikakutuma kuni. Vyote viwili niliviagiza mimi, na wewe ulikuwa mtoto.”

Walikaa bega kwa bega wakiyatazama maji, nami nikasimama pembeni nimeshika brashi inayodondosha njano mguuni mwangu. Mwishowe bibi aliichukua ile picha ikiwa bado mbichi, akaibeba kwa mikono miwili kama sinia la chakula, akaenda nayo nyumbani.

Kwenye lori la kurudi mama aliniambia maneno machache. Leya alikuwa mdogo wake. Alikuwa na miaka mitano. Mama aliporudi na kuni aliiona mikono yake tu, imeinuliwa kati ya ile miti miwili. Hakupatikana. “Aliyezama hana kaburi,” alisema, “ana pwani tu.” Kisha akaniwekea boksi la rangi mapajani. “Lako hilo.”

Hakuchora tena.

Sikulifungua. Kwa miaka miwili au mitatu nilimwona yule msichana kila nilipofumba macho, na sikuweza kuinua mikono juu ya kichwa. Darasani nilijua jibu lakini sikunyoosha mkono. Mwalimu wa hesabu aliwahi kuniandikia kwenye ripoti kwamba sina bidii. Nilikuwa na hakika kwamba mama ananiadhibu kwa kumharibia picha, na kwamba siku moja atanisamehe na kununua karatasi nyingine.

Bibi, kabla hajafariki, aliniambia nilimfungua binti yake. Labda. Tangu siku ile, bibi alipokuja kututembelea, waliweza kulitaja jina la Leya wakipeta mchele, hata wakacheka juu ya utundu wake. Lakini mimi ndiye niliyeishi na mama. Nilimwona Juni baada ya Juni, amekaa kibarazani Isansa, mikono mapajani, anatazama mibuni kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo kisicho chake.

Sasa nina binti wa miaka mitano, na simwachi karibu na maji hata ya beseni. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mama hakuacha kuchora kwa hasira. Kwa miaka yote ile alikuwa akimwachia mdogo wake nafasi, na maadamu picha haijaisha, Leya alikuwa hajazama. Mimi ndiye niliyeimaliza.