Buluu Kwenye Shamba la Mama Mkwe

Sisi wa mkiani mwa mfereji, hapa Ubaruku, ni watu wa kulalamika, na sioni sababu ya kujifanya mwingine. Kila mwaka, miche ya mpunga ikishafikia kupandikizwa na maji hayajafika, tulikuwa tunakodi gari na kupanda hadi banioni, maji yanakotolewa mtoni, kugombana na watu wa huko. Tulikuwa na hakika wanatuibia. Tulirudi koo zimekauka, na majaruba, vijishamba vyetu vilivyozungushiwa matuta, vilevile.

Msimu uliopita msafara huo ulizuiwa na Mwamvita, katibu wa umoja wetu wa watumia maji. Ni mwanamke wa Soweto, Mbeya mjini, binti wa wafanyabiashara, aliyeolewa huku na Idrisa akaingia matopeni bila kujua hata kushika jembe. Leo ni wachache wanaomfikia kwa kupandikiza mstari ulionyooka, na ulimi wake ni mwepesi kuliko mikono. Alituomba tumpe siku chache kabla ya kwenda kutukana watu ambao pengine hawajatukosea. Nilimwona anajisikia. Mke wangu Paskalina akaniambia ninyamaze, maana miche yetu ilishaanza kuwa ya njano na matusi hayainyweshi.

Bwana shamba wetu, Jailos, alikuwa amemfundisha Mwamvita kufungua kwenye simu picha za setilaiti, zinazopigwa juu yetu kila baada ya siku chache. Palipo na maji panatiwa rangi ya buluu, penye mimea kijani, pakavu kahawia. Mwamvita akautafuta mfereji wetu, akakuta makubwa. Maji yalikuwa yanatoka banioni vizuri tu. Yalikuwa yanaishia katikati, kwa wenzetu wenyewe, yamelala kwenye majaruba yasiyo na mche hata mmoja.

Huku kwetu anayejaza jaruba mapema anahesabika ameshika zamu. Kwa hiyo watu hujaza miche ikiwa bado michanga kitaluni, wakayalinda maji yao kama mtu anayeweka kanga kwenye kiti cha harusini. Jua linayanywa, wao wanaongeza. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hata sisi tungekuwa na mashamba ya juu tungefanya hivyohivyo.

Mwamvita hakuziamini picha peke yake. Jailos alishamwonya kwamba setilaiti inaona maji, haijui ni ya nini. Akapita tuta kwa tuta na fimbo mkononi, anaikagua buluu moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa mashimo ya matofali ya mzee Tadeo, ambaye alimuuliza kama siku hizi serikali inahesabu mpaka vyura. Tulicheka mpaka jioni. Lakini buluu kubwa kuliko zote, ile ambayo picha baada ya picha haikuhama, ilikuwa kwenye shamba la Bibi Saida, mama mkwe wake.

Angeweza kuikalia kimya. Simu ilikuwa yake, na miongoni mwetu nani angejua? Badala yake alikwenda kwa mama mkwe kabla ya kikao. Yaliyosemwa huko alikuja kumsimulia Paskalina baadaye.

Bibi Saida hakukana. Alimwambia kwamba mwaka aliofiwa na mumewe aliombwa ayaachie maji, akaahidiwa kurudishiwa zamu, na zamu ilipofika kila mtu alijifanya hakumbuki. Mpunga wake ulikauka ukiwa ndiyo kwanza unachanua. Tangu hapo akaapa hataachia tena hata tone.

"Mama, kama hutaki sitaionyesha ya kwako," Mwamvita alimwambia. "Ila na ya mtu mwingine sitaionyesha, na miche ya watu wa chini itakufa."

Bibi Saida akamwambia akapakue chakula, watu wapate kula. 

Kwenye kikao Mwamvita alisimama ameshika simu, anaiwasha na kuizima.  Mimi nilishaanza kunung'unika Bibi Saida alipoingia, akapita mpaka mbele, akakaa.

"Anza na langu," alisema. "Halafu hawa waniambie nani atanirudishia zamu yangu."

Tuliinamisha vichwa kama watoto. Niliona aibu, kwa sababu swali lile lilikuwa la haki na sote tulijua majina ya waliomdhulumu. Tulibishana mchana kutwa. Mwishoni tukakubaliana zamu ifuate umri wa miche kitaluni, si jaruba lililojazwa, na kila picha mpya ikitoka Mwamvita aionyeshe mbele ya wote. Bibi Saida, aliyesia mbegu kwa kuchelewa, akapangiwa zamu baada yetu. Alikwenda mwenyewe kukata tuta, maji yakarudi mferejini.

Yalitufikia asubuhi, yamebeba majani makavu na povu. Sijui niseme nini kuhusu furaha ile. Paskalina aliyaingia na viatu, mimi nikamwita Mwamvita "mheshimiwa" na sikuwa natania sana. Tulipandikiza shamba lote, na miche ikashika.

Siku ya zamu ya Bibi Saida ilipofika, alidamka na jembe begani, kanga ameifunga kibwebwe, amejiandaa kugombana. Akatukuta tumeshafika. Tulikuwa tumeuziba mfereji kwa magunia ya udongo chini kidogo ya mlango wa maji wa shamba lake, maji yasitelemke kwetu hata kidogo, na Paskalina alikuwa ndani mpaka magotini anaupanua mlango. Maji yalikuwa yanaingia kwa nguvu.

Bibi Saida alisimama juu ya tuta akitutazama mmojammoja.

"Nimekuja kupigana," alisema.

Paskalina akamwambia jembe aliache, akalete miche, shamba linajaa. Bibi Saida hakwenda. Alikaa palepale kwenye tope, akafunika uso kwa ncha ya kanga na kulia, na Mwamvita akaenda kukaa naye. Mimi niligeuka, nikaendelea kukanyagakanyaga magunia ambayo yalishakaa imara.