Watu tisa "hewa" kwa listi yangu ya neti huku Seme

Wakuu, hii imenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Watu wa Kombewa mko humu, nikiongeza chumvi mnisute.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Tuliambiwa tuhesabu watu nyumba kwa nyumba ndio neti za mbu zigawanywe. Niliandika kila mtu kwa jina. Kazi yangu sifanyi kiholela, hata mama mkwe anajua, na yeye hanisifii ovyo.

Baadaye supervisor akaleta timu ya kukagua.

Hawarudii kila nyumba. Wanaandika namba za nyumba zote kwa vikaratasi, wanachanganya ndani ya kofia, wanatoa ishirini. Hizo ndizo wanahesabu upya na kulinganisha na listi yako. Zikiwa sawa, hata zingine zinaaminika. Zikiwa na shida, wewe ndio uko na shida.

Kwa listi yangu kulikuwa na watu tisa ambao wao hawakuwapata.

Supervisor akasema kwa baraza, chifu akiwa hapo: "Mama, hawa ni watu hewa. Ulitaka neti za kuuza."

Wakuu, niliskia aibu mpaka masikio yakawaka. Huku ukishaitwa mwizi kwa baraza, hata kanisani hakuna wa kukaa karibu na wewe.

Nikaomba karatasi zao. Nikashuka na jina moja moja. La nne lilikuwa Baba Achieng'.

Huyo ni bwana yangu. Mchana huo nilikuwa nimempakulia chakula.

Nikaangalia swali lao: nani alilala hapa jana? Mama mkwe aliwajibu ukweli mtupu, kwamba kijana yake hakulala. Baba Achieng' anavua omena, wale dagaa wa ziwa. Omena inavuliwa na taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa taa haisaidii, wanaume wanalala nyumbani. Mimi nilihesabu mwezi umejaa, wao wakaja wakati wa giza.

Sikuanza kelele. Zile nyumba ishirini nikazigawanya: wakulima huku juu, wavuvi huku beach, kando ya ziwa. Kwa wakulima hakukosekana hata mtu mmoja. Wote tisa walikuwa wa beach. Sasa mwizi gani anaiba upande mmoja tu, tena kwake?

Nikamwambia, "Bwana supervisor, weka nyumba za beach peke yake kwa kofia. Toa zingine kumi, mimi nisiguse. Halafu uliza nani anaishi hapa."

Alikuwa mtu wa haki, hiyo nampatia. Tukaenda saa sita mchana. Nyumba ya kwanza, mwanaume amelala fofofo na magamba ya samaki bado kwa mikono. Nyumba zote kumi zikawa sawa na listi yangu, jina kwa jina. Tukamalizia na wale tisa. Wote walikuwa nyumbani, wengi wakikoroma.

Kwa baraza iliyofuata aliniomba msamaha mbele ya wote, kisha akasoma majina tisa kwa sauti. Kila mmoja alisimama na kusema "Niko." Bwana yangu alisema yake akiniangalia mimi. Nililia, sifichi.

Nilichojifunza ni kwamba ukikaguliwa, usichukie ile kofia. Haijui adui wala rafiki, na ndiyo iliniokoa. Chunguza swali liliulizwaje, na liliulizwa lini.

Fomu mpya sasa inauliza nani anaishi hapa, hata kama jana alikuwa ziwani. Watu wapya wa kuhesabu wakiletwa, mimi ndio nawafundisha hilo swali.

Wale mmewahi kuhesabu watu au kura mkatiliwa shaka, wekeni yenu hapo chini tusome.