Ukiulizwa Wewe ni Mtoto wa Nani

Nakumbuka siku niliyoulizwa mbele ya umati mimi ni mtoto wa nani, ulimi ukaniganda kinywani. Nimeulizwa maswali mengi maishani, mjukuu wangu Kioko, mengine na polisi, mengine na makatekista, lakini hilo ndilo lililokaribia kuniua. Ndiyo maana nimekuita kabla hujafunga begi lako. Keti. Hapana, si hapo mlangoni kama mtu anayetaka kutoroka. Keti hapa karibu nami.

Jana nilikusikia ukizungumza kwa simu na mwenye nyumba utakayopanga huko pwani. Usininunie. Masikio ya wazee hukosa yanayotakiwa, ila yasiyotakiwa huyanasa yote. Ulimwambia unaitwa Brayo, kwenu ni Nairobi, na wazazi wako walishafariki. Mama yako, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa jikoni akichambua maharagwe ya safari yako. Hakusikia, namshukuru Mungu. Mimi nilisikia, na roho ikaniuma.

Najua kwa nini ulisema hivyo. Umepata kazi ya uuguzi katika zahanati ya mji mdogo, ambako jirani hujua umepika nini kabla chungu hakijachemka. Na wewe ni mwanamume unayependa wanaume. Usitazame sakafu, mwanangu, niangalie mimi. Nimelijua hilo miaka mingi, na upendo wangu kwako haujapungua hata siku moja. Unaogopa, na una haki ya kuogopa. Sheria haiko upande wako, na siku hizi picha ya simu hufika mahali kabla ya mwenyewe. Lakini kinga uliyoichagua naifahamu vizuri. Mimi niliivaa kabla yako, ikabaki kidogo tu iwe sanda yangu.

Nilikuwa na umri kama wako nilipoondoka hapa Kathiani. Baba yangu alikuwa ameshapeleka mbuzi wa ntheo kwa watu fulani wa Mitaboni. Siku hizi nyinyi mnafanya mambo kwa simu, kwa hiyo nikukumbushe: mbuzi wale wakishapokelewa, mlango wa posa umefunguliwa, na kijana hana tena pa kupitia. Binti mwenyewe alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mwenye kicheko cha kuvutia. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojihurumia, maana nilijua angeolewa na mtu ambaye moyo wake haupo. Nikatoroka. Nikashuka mpaka pwani, kwenye mji ambao sikujua mtu, nikajiambia kwamba pasipo na anayenijua ndipo penye usalama.

Tazama ujinga wa ujana! Nikawa Petero, mtu wa Nairobi, yatima. Nikapata kibarua cha kupaka rangi nyumba za wageni, na chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi. Mwanaisha. Mwanawe, Salimu, alikuwa akishona kanzu barazani. Sitakueleza mengi kuhusu Salimu wakati ule, kwa sababu ataninunia mchana kutwa akisikia. Nitakwambia tu kwamba nilianza kurudi kutoka kazini mapema, na kwamba kanzu nyingine zilichelewa kumalizwa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Katika mji ule palikuwa na banda la wachongaji wa vinyago, Wakamba tupu, wengi wao watu wa Wamunyu. Unajua desturi yetu. Mkamba akifika ugenini huenda kwa mkubwa wa watu wa nyumbani, akataja jina lake, la baba yake, la babu yake na la ukoo wake, kisha akapewa sahani ya muthokoi wa mahindi na maharagwe na mahali pa kukaa. Kuanzia hapo akiugua ana wa kumuuguza, akifa ana wa kumrudisha. Mimi nilizunguka kwa njia ya nyuma, katikati ya vichaka na takataka, nisipite mbele ya banda lile. Niliogopa kwamba mmoja wao angepeleka habari nyumbani. Wageni sikuwaogopa. Niliwaogopa watu wangu.

Bi. Mwanaisha aliniuliza mara kwa mara. Alikuwa akikuna nazi, ananitazama kwa upole, anasema, "Petero mwanangu, hata yatima ana kwao. Kwenu ni wapi? Mjombako ni nani?" Nami nilimjibu kwa utani, au nilimjibu uongo mpya uliosahau uongo wa zamani. Mama yule hakuwa mjinga. Alirudia kukuna nazi yake.

Kisha nikaugua homa. Salimu akakaa kando ya kitanda changu, dirisha liko wazi kwa ajili ya joto, akawa ananilisha uji kwa kijiko na kunifuta uso. Jirani mmoja akapita, akaona. Hakuona zaidi ya hayo, mwanangu. Aliona mtu akimuuguza mtu, lakini aliona na jinsi alivyomtazama. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. La kwetu lilikuwapo, na likaja kwa miguu.

Walikuja alasiri, jua likiwa kali. Kwanza nilisikia sauti nyingi kwa mbali, nikadhani ni mazishi. Kisha nikasikia jina la Salimu. Nilikuwa bado dhaifu, nikashika ukuta, nikatoka hadi barazani. Watu walikuwa wamejaa uani, wengine nawafahamu kwa sura, mmoja niliwahi kumpakia rangi mlango wake. Wengine walikuwa na mawe mkononi. Salimu alikuwa amesimama karibu na cherehani yake, bado ana sindano za kubania kitambaa kifuani, uso umempauka.

Bi. Mwanaisha akatoka, akajibana kizingitini, akafunga leso yake kiunoni.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Nimemzaa mimi, mumeniona na mimba yake. Amtakaye anipite mimi kwanza."

Hakuna aliyesogea. Walimjua mama yule. Aliwaosha maiti wao na kuwalea watoto wao. Ndipo mwanamume mmoja mnene, aliyekuwa mbele, akanyoosha kidole kwangu.

"Sawa, mama. Na huyu je? Huyu ni mtoto wa nani?"

Bi. Mwanaisha akageuka, akanitazama. Ule mtazamo sijausahau. Hapakuwa na chuki ndani yake, palikuwa na huzuni. Akasema polepole, "Sijui. Wallahi sijui. Kila siku namuuliza."

Mwanangu, pale nilijua maana ya kufa kabla ya kufa. Yule mama asingeweza kunisimamia hata angetaka, kwa sababu sikumpa pa kushika. Watu wakaanza kusema kwamba mtu asiye na kwao ni jini, ni jambazi, ndiye aliyemharibu kijana wa watu. Duara likawa dogo. Nikasikia harufu ya jasho lao. Salimu akaja kusimama kando yangu, na hilo likawakasirisha zaidi.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Mutisya. Alikuwa mkubwa wa lile banda nililolikwepa. Umati ulipita mbele ya banda lake, naye akaufuata, tezo bado iko mkononi, vumbi la mti limemjaa kichwani mpaka nyusi. Nyuma yake walikuja wachongaji wengine. Hakukimbia. Aliwapita watu mmoja mmoja akisema, "Nipishe, baba. Nipishe, mama," mpaka akafika mbele yangu.

"Kijana," akasema. "Mimi nimekuona ukipita kule nyuma siku mingi. Unatembea ukiinama mbele kama mtu ya kupanda milima, na huku hakuna mlima. Wewe ni mtoto ya nani?"

Elewa mtego niliokuwamo. Nikitaja jina, habari zitafika Kathiani, baba yangu ajue nilipo na ajue kwa nini. Nisipotaja, nafia pale uani. Na unajua jambo la aibu kabisa? Nilisita. Nilikuwa naona mawe, na bado nilisita.

"Sema na sauti," akanikemea. "Wote wasikie."

Nikasema. Nilisema mimi ni Nzioka, mwana wa Kimeu, mwana wa Ngumbau, wa Kathiani, nikataja na ukoo wetu. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayelia, na kweli nilikuwa nalia.

Mzee Mutisya akaitikia kwa kichwa, kisha akakaa chini. Ndiyo, alikaa pale kizingitini, miguuni pa Bi. Mwanaisha, akalaza tezo mapajani, akawageukia watu.

"Basi huyu ni wangu," akasema. "Babu yake na baba yangu walichimba matuta pamoja, mwethya moja ya kusaidiana, shamba moja baada ya ingine. Akikosea, mimi ndio nitauliza yeye. Mkimuua leo, jueni nyinyi mmeua mtoto iko na watu, na hao watu watakuja hapa kuuliza. Mimi nimekaa. Nani anaanza?"

Wachongaji wakakaa naye, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeanza. Mtu wa nyuma kabisa akaondoka, kisha wengine, kila mmoja akijifanya amekumbuka kazi nyumbani. Lakini hasira haiondoki mikono mitupu. Jiwe moja likarushwa kutoka njiani, likampata Salimu juu ya jicho.

Lile kovu mnalomuuliza kila Krismasi, mwanangu, ndilo hilo. Mliambiwa alianguka na baiskeli. Salimu hajui kuendesha baiskeli mpaka leo.

Kesho yake nilikwenda bandani kumshukuru mzee. Nilitarajia anibariki au anihubirie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliendelea kuchonga shingo ya twiga, vipande vikidondoka miguuni mwake, kisha akasema bila kuinua macho, "Ungekufa jana, ningekuzika na jina gani? Petero? Petero ni nani? Mama yako angelia nani?"

Nikainama, nikaanza kuokota vile vipande vya mti.

"Mambo yako na huyo kijana mimi sijauliza," akaendelea. "Mimi ni mzee, lakini macho iko. Hiyo ni ya moyo wako, funga mlango yako, hakuna mtu anakuja. Lakini jina ya baba yako si yako peke yako. Uliitupa, na ni ya sisi wote. Rudi hapa kesho, ukule na watu."

Nikarudi kesho yake, nikala muthokoi mpaka jasho likanitoka, huku nimeinamisha uso nisionekane nikilia.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Salimu nami tulihama mtaa ule. Habari zikafika hapa upesi kuliko nilivyoogopa. Mbuzi wakarudishwa kutoka Mitaboni, na baba yangu hakuniandikia wala kunitumia salamu mpaka alipokufa. Lakini kila mavuno alimpa mchongaji mmoja wa Wamunyu anayerudi pwani debe la mbaazi, na kumwambia, "Mpelekee yule." Hakutaja jina. Kila mwaka mbaazi zilifika. Nami mpaka leo siwezi kuzila bila kuweka kijiko chini kidogo.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii. Sikuambii uende ukapige mbiu sokoni. Siri ya moyo wako ni mali yako, na mwenye kuidai hana haki nayo. Wapo watakaokwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Waambie babu yako anasema hilo si maradhi. Fungia chumba chako, chunga simu yako, jua njia ya kutokea. Ila usijifute. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa hana wa kumdai. Mwambie yule mwenye nyumba jina lako, na kwamba mama yako yu hai na anachambua maharagwe. Watembelee wagonjwa wa jirani zako hata baada ya saa za kazi. Nenda mazishini. Tafuta watu wa nyumbani, na miongoni mwao mtafute mmoja, mmoja tu, ambaye unaweza kumwambia yote. Kabla hujamwambia, mtazame anavyowasema wengine wasipokuwepo. Ukikosa huyo mmoja, usikae mji huo. Panda gari urudi, mlango huu haufungwi. Kurudi si kushindwa.

Salimu yuko jikoni anakaanga mahamri yako ya njiani. Anajifanya hasikii, lakini ameacha kugonganisha sufuria tangu nilipoanza. Niliporudi hapa Kathiani baada ya kifo cha baba, alinifuata kama mgeni wa siku chache, mkamzoea, mkamwita Babu wa Pwani. Hamkuwahi kuuliza, nasi hatukuwahi kuwaambia. Leo nimekwambia.

Lete mikono yako, nikutemee mate ya baraka kama alivyonifanyia babu yangu. Njia ikupokee, mwanangu. Uwe na wa kukuita jina lako usingizini, na wa kuamka ukimwita. Mawe yapite kando yako. Uzeeke mpaka wajukuu wa watu wakuulize kuhusu makovu yako, nawe uwaambie ukweli. Na siku ukisimamishwa mbele ya watu, ukiulizwa wewe ni mtoto wa nani, usisite kama nilivyosita mimi. Taja la mama yako. Kisha taja langu, Nzioka wa Kimeu, nami nitakuja. Na ukiona anayeuliza ana macho mema, taja na la Salimu.